Mitaro ya Kolwezi: maji ya mvua katika nchi ya shaba

Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imekaa juu ya uwanda wa Manika, kwenye mwinuko wa mita 1,400 na zaidi kidogo. Mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 1,200, kiasi ambacho si cha kutisha kwa nchi ya joto. Taabu iko katika kalenda yake, kwa kuwa karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Septemba halidondoki tone la maana, nyasi za porini huchomwa moto, na udongo mwekundu hukauka ukawa mgumu shambani na vumbi tupu barabarani. Mvua za kwanza, zijazo na radi na upepo, huikuta ardhi iko uchi, na ndizo zinazoukwangua udongo kwa ukali zaidi.

Mvua ya alasiri moja ikileta milimita 50, paa la bati la mita 8 kwa 10 humwaga lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Kiwanja kizima cha mita 20 kwa 30, ambacho mwenyeji wa Katanga, mkoa wa zamani wa eneo hili, angekiita lupango, hupokea lita 30,000. Katika msitu wa miombo sehemu kubwa ya maji hayo ingeshikwa na matawi, majani makavu na mizizi, ikazama taratibu. Kwenye bati, saruji na ua unaofagiliwa kila asubuhi, karibu yote hutafuta mlango wa kutokea kwa wakati mmoja. Historia ya mitaro ya Kolwezi ni historia ya mlango huo: nani aliufungua, alikuwa akilinda mali gani, na maji yaliishia kwa nani.

Kabla ya mji, kazi ya kuyapokea maji ilifanywa na umbo la nchi lenyewe. Kati ya vilima vya miombo kuna mabonde mapana yasiyo na miti, yenye nyasi na udongo mweusi, ambayo huko huitwa dembo. Dembo hunywa maji ya masika na kuyaachilia kidogo kidogo wakati wa kiangazi, na vijito vinavyokwenda mto Lualaba, kama Musonoi na Luilu, huishi kwa akiba hiyo. Wakulima walilima mtama, na baadaye mihogo na mahindi, kwenye ardhi ya juu isiyotuama maji, wakapanda juu ya matuta ili mizizi isioze. Shamba likichoka liliachwa lirudi msitu. Kwa watu wachache kwenye nchi kubwa, utaratibu huo ulitosha.

Wachimbaji wa zamani nao walikwenda na majira. Wasanga na Wayeke waliochimba na kuyeyusha shaba, wakaimwaga katika kalibu za misalaba iliyosafiri kama mali hadi mbali, walifanya kazi hiyo wakati wa kiangazi, mavuno ya mtama yakiisha. Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbenedikto aliyeandika juu ya mafundi hao mwaka 1926, ameeleza kambi za muda, tanuri za udongo wa kichuguu na mivukuto ya ngozi. Mawingu yalipoanza kujikusanya watu walirudi vijijini kulima. Mashimo yalijaa maji, na mwaka uliofuata walichimba yalipokauka au wakahamia kwingine. Hawakuwa na pampu, wala hawakuihitaji, kwa sababu hakuna aliyewadai shaba mwezi Januari.

Vilima vya madini vilijulikana kwa mbali, maana shaba nyingi katika udongo huzuia miti kuota, na juu yake hubaki majani mafupi na maua ya aina chache. Mwanajiolojia Jules Cornet aliyepita Katanga mwaka 1892 alivisoma vilima hivyo, na wapelelezi wa madini waliomfuata walivitafuta. Tarehe 28 Oktoba 1906 iliundwa Union Minière du Haut-Katanga. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1931 njia ya kwenda Dilolo iliunganisha Katanga na bandari ya Lobito kupitia Angola. Reli iliihitaji nchi iliyokaa sawa. Tuta lake lilikata mikondo ya maji, na kila mkondo ulipaswa kupitishwa kwenye kalvati. Hapo ndipo maji yaliyozoea kutambaa kwa upana wa bonde zima yalipoanza kubanwa yatoke kwenye tundu moja, na chini ya tundu la namna hiyo, pasipokuwa na sakafu ya mawe, korongo huanza.

Mwaka 1937 Union Minière ilianzisha Kolwezi kuwa kituo cha migodi yake ya magharibi. Mji ulitoka kwenye ubao wa mhandisi, na barabara pana, miti kando, na mitaro kila upande. Kampuni ilikuwa imekwisha kuamua, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kuwaweka wafanyakazi wake na familia zao kwa muda mrefu badala ya kuwabadilisha kila baada ya miezi michache, na uamuzi huo uliifanya afya ya kambi kuwa hesabu ya biashara. Maji yaliyotuama yaliwaletea watu malaria, na mgonjwa hakuingia zamu. Kambi zilijengwa kwa mistari iliyonyooka, nyumba za matofali na mitaro ya wazi kati ya safu na safu, na usafi wa mitaro hiyo ulisimamiwa kama zamu ya kiwandani. Ilikuwa mifereji mizuri. Sehemu zake bado zinaonekana katika mitaa ya zamani, na fundi wa leo anayefukia bomba la plastiki chini ya barabara mpya angefaidika kuzitazama: zina mteremko wa wastani, ni pana juu na nyembamba chini, na ziko wazi, hivyo takataka huonekana na kuondolewa.

Lakini mtaro wa kambi ulikoma pale kambi ilipokoma. Mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi na kwa mwajiri. Palikuwa na mitaa ya Wazungu, kambi za kampuni, na nje yake cité, mtaa wa Waafrika ambao hawakuwa wa kampuni, uliojengwa kwa bajeti nyingine na ndogo zaidi. Maji hayakujua mgawanyo huo. Yalikusanywa kwa ustadi upande mmoja na kuachiwa upande wa pili, mengi zaidi na yenye kasi zaidi kuliko yalivyokuwa kabla ya mtu yeyote kuyasaidia.

Ustadi mkubwa zaidi ulikuwa migodini. Mgodi wa wazi ni bakuli, na bakuli lolote lililoachwa nje msimu wa mvua hujaa, kwa hiyo ulinzi wake huanzia mbali na shimo. Juu ya ukingo huchimbwa mtaro wa kukinga unaozunguka upande wa mlima, ili maji ya mteremko yasiingie kabisa. Kuta hukatwa kwa ngazi, na kila ngazi hulazwa kidogo kuelekea ukutani, si kuelekea shimoni, ili mvua iliyoangukia hapo itembee kwenye kijifereji cha ndani badala ya kumwagika ngazi hadi ngazi na kuzibomoa zote. Kinachopita vizuizi hivyo hukusanywa kwenye shimo la chini kabisa, na pampu hukipandisha juu. Kolwezi ilikuwa na kazi ya ziada, kwa sababu miamba ya dolomiti inayobeba shaba na kobalti hubeba pia maji ya chini ya ardhi. Hata mvua ikikoma, pampu haziwezi kukoma. Umeme wa kuziendesha ulitoka mtoni: mwanzoni mwa miaka ya 1950 lilikamilika bwawa la Delcommune kwenye Lualaba, leo Nzilo, na mwaka 1956 bwawa la Le Marinel, leo Nseke, chini yake.

Pampu hizo zilimwaga maji kwenye vijito. Huko huko ndiko kulikokwenda tope la mabaki. Kiwanda cha kusafishia mawe cha Kolwezi, kilichoanza mwaka 1941, kilisaga mawe yakawa unga, kikatoa madini, na kilichobaki kikachukuliwa na maji kwenda kwenye bwawa la Kingamyambo na kwenye bonde la mto Musonoi. Kwa miongo kadhaa bonde hilo lilijazwa. Vipimo vya baadaye vilikadiria tani milioni 112.8 za mabaki katika sehemu hizo mbili, yenye shaba asilimia 1.49 na kobalti asilimia 0.32, wingi ambao migodi mingi ya leo ingeuonea wivu. Unga wa namna hiyo hauna mizizi wala mshikamano. Kila masika mvua iliuchonga na kuushusha kwenda Lualaba, na bwawa la Nzilo likawa mahali pa kwanza ambapo maji yalitulia na mashapo yakapata nafasi ya kuzama. Mbele ya Nzilo mto huporomoka kwenye magenge hadi bonde la Upemba, lenye maziwa, vinamasi na vijiji vya wavuvi vinavyoishi kwa kupanda na kushuka kwa maji yale yale.

Miaka hiyo hiyo, upande wa mashariki wa koloni la Ubelgiji, serikali ilikuwa ikiwalazimisha wakulima wa milima ya Kivu kuchimba makingamaji na kupanda safu za majani kwenye miteremko yao, kwa adhabu ya faini au kifungo. Tanganyika ya Waingereza nayo ilikuwa na mpango wake wa matuta ya ngazi katika milima ya Uluguru, uliokataliwa na Waluguru mpaka ukavunjika mwaka 1955. Elimu ya kuzuia mmomonyoko basi ilikuwepo, na mamlaka ya kuitekeleza yalikuwepo. Mkulima aliyeacha udongo wa shamba lake uende mtoni alionekana mharibifu, ilhali kampuni iliyopeleka kilima kizima mtoni ilikuwa ikizalisha.

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu iliichukua Union Minière, na baada ya mabadiliko ya majina kampuni ikajulikana kama Gécamines. Kambi, mitaro na pampu vilirithiwa pamoja na migodi. Katika miaka ya 1970 ilikuja pia salongo, kazi ya lazima ya umma, ambayo kwa wakazi wengi wa mijini ilimaanisha jembe na mtaro uliojaa tope. Watu waliichukia kwa haki, kwa kuwa ilikuwa amri ya chama, lakini kwa muda mitaro ilizibuliwa. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani 476,000 za shaba, kilele chake. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Zilifuata fujo za uporaji, kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai kutoka Katanga kuanzia 1992, na kukauka kwa fedha, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi sehemu ndogo sana ya ule wa zamani.

Kampuni ikikosa mshahara wa kuwalipa wachimbaji, fundi wa mtaro hulipwa na nani? Katika kambi mitaro iliziba kwa mchanga na taka, na baadhi ya wakazi waliifukia wapate nafasi ya kibanda au bustani. Migodini matokeo yalionekana kwa macho. Shimo la KOV, lililounganisha migodi ya Kamoto, Oliveira na Virgule na kuwa mojawapo ya hazina kubwa za shaba na kobalti duniani, liligeuka ziwa. Wawekezaji waliokuja baada ya vita vya Kongo walilazimika kuanza kwa pampu, mwishoni mwa miaka ya 2000, kabla ya kufikiria kuchimba.

Sheria ya madini ya Julai 2002 iliwafungulia wawekezaji hao mlango, na pia ikamtambua mchimbaji mdogo. Pamoja na kanuni zake za mwaka 2003, iliidai kampuni mpango wa mazingira kabla ya kazi, ukiwa na maelezo ya jinsi maji ya mvua yatakavyozuiwa kuingia kwenye mabaki na jinsi yaliyokwisha kuchafuka yatakavyokusanywa. Kwa mchimbaji mdogo karatasi hiyo haina maana. Shimo lake ni jembamba, linashuka wima kisha linafuata mshipa wa madini kwa ubavu. Mtaro wake wa kukinga ni tuta la udongo kuzunguka mdomo wa shimo, mara nyingine magunia ya mchanga na turubai juu. Kukinyesha usiku, asubuhi kuna udongo uliolowa kutoka juu na maji yaliyojikusanya chini, na ukuta usio na nguzo katikati. Ni desturi ya zamani iliyogeuzwa kichwa chini: sasa kuna anayedai madini mwezi Januari.

Mwaka 2014, katika kartie ya Kasulo, kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu. Katika muda mfupi viwanja vilijaa mashimo, mengine yakiwa ndani ya vyumba vya kulala, yamefichwa kwa turubai. Kwa upande wa maji, mtaa wa namna hiyo haudhibitiki tena. Udongo uliotolewa hurundikwa njiani, mvua huusomba hadi kwenye mtaro na kuuziba, maji hupanda barabarani na kuingia kwenye shimo la jirani. Nyumba hupata nyufa kutoka chini wakati ukuta unalowa kutoka nje. Mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta na kupewa kampuni ya Congo Dongfang, na familia zilizokuwa ndani zikahamishwa. Nje ya ukuta uchimbaji haukukoma. Mbali na mji nako hali ni hiyo hiyo: tarehe 15 Novemba 2025, huko Kalando, eneo la Mulondo, daraja la kubahatisha lililovuka mtaro uliofurika liliporomoka likiwa limejaa wachimbaji, wakafa watu wasiopungua 32. Viongozi wa mkoa walikuwa wamepiga marufuku kuingia humo kwa sababu ya mvua na hatari ya maporomoko.

Mji wenyewe umekua haraka, hasa tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015 na Kolwezi ikawa makao makuu ya Lualaba. Miombo ya pembezoni imekatwa kwa makaa na mashamba. Vichuguu vimesawazishwa na udongo wake umekuwa matofali, na shimo linalobaki huwa bwawa la masika. Viwanja vimepimwa, au vimeuzwa bila kupimwa, hadi ndani ya dembo. Anayejenga humo mwezi Agosti huona ardhi kavu na bei nzuri. Serikali ya mkoa imetia lami barabara nyingi na kuziwekea mitaro ya saruji, na kazi ya mitaro ya miji yote nchini iko mikononi mwa OVD, ofisi ya barabara za miji na mifereji iliyoundwa mwaka 1987. Barabara ya lami, hata hivyo, ni paa lililolazwa chini. Mtaro wake ukiishia ukingoni mwa mteremko bila ngazi za kupunguza kasi, maji hudondoka, huchimba mguu wa mteremko, ukingo huanguka, na korongo hurudi nyuma kuelekea barabara yenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature ulihesabu makorongo 2,922 ya aina hiyo katika miji 26 ya Kongo, na kukadiria kwamba kati ya 2004 na 2023 watu wapatao 118,600 walipoteza makazi kwa sababu yake. Sababu kuu si udongo wa mchanga peke yake. Ni barabara na mapaa yanayokusanya maji bila kuyafikisha mtoni.

Mwenye nyumba hujilinda kwa alichonacho. Adui wa kwanza wa ukuta wa matofali mabichi ni matone yanayodondoka kutoka ukingo wa bati: yanachimba kijifereji ardhini, yanarukia ukuta, na baada ya misimu michache mguu wa ukuta umeliwa kama uliopigwa sururu. Mafundi huinua msingi wa mawe kwa sentimita 40 au 50, hupaka saruji sehemu ya chini ya ukuta, hurefusha bati litoke nje zaidi, na mwenye uwezo huweka mifereji ya bati inayojaza mapipa. Uani, mtaro hulazwa kuzunguka nyumba na kupelekwa kwenye shimo lililojazwa mawe, ambalo kando yake hupandwa migomba ili inywe. Kwenye mteremko hutumika magunia ya mchanga, matairi ya zamani yaliyojazwa udongo, na majani: mabingobingo, na pia vetiva, ambayo mizizi yake huenda chini wima kwa mita kadhaa na kushika ukingo bila kutambaa shambani. Kinachofanya kazi zaidi ni kile kinachozamisha maji ndani ya kiwanja. Kinachotumika zaidi ni tundu chini ya ukuta wa ua, na mto mdogo unaoingia kwa jirani wa chini. Kesi nyingi za ujirani mwema uliovunjika huanzia kwenye tundu hilo, na ni vigumu kumlaumu mwenye tundu wakati mtaro wa mtaa haupo.

Kwenye mabaki ya migodi majani hayaoti kirahisi. Watafiti wa Lubumbashi walijaribu katika eneo la Penga Penga, lililochafuliwa na moshi wa kiyeyushio cha mji huo, nyasi ya kienyeji iitwayo Microchloa altera, iliyozoea shaba kwenye vilima vya asili. Ikisaidiwa kwa chokaa na mboji ilishika udongo uliokuwa umebaki mtupu kwa miaka mingi. Ni njia ya polepole lakini ya bei nafuu, na mbegu zake ziko nchini.

Hatari ya mabwawa ya mabaki haijaisha. Mnamo Februari 2025 ukuta wa bwawa la kampuni ya Sino-Metals ulibomoka huko Chambishi, upande wa Zambia wa ukanda huu huu wa shaba, maji ya tindikali yakaingia mto Kafue. Bonde la Musonoi, kwa upande wake, linaanza kupungua. Tangu mwaka 2018 mradi wa Metalkol unayakata mabaki ya zamani kwa mikuki ya maji yenye nguvu, unayapeleka kiwandani kutoa shaba na kobalti iliyobaki, kisha unayahifadhi upya katika bwawa lililojengwa kwa ajili hiyo. Kinachoondolewa ni kile kilichobaki bondeni na Kingamyambo. Kilichokwisha kusombwa na masika ya miaka sabini hadi Lualaba na Nzilo hakimo katika mradi.